Chakula cha Kihabeshi pale Ilazo: shiro ndiyo, kuku bado

Nianze na kuku wa mgahawa wa Kihabeshi, yaani wa Kiethiopia, ulioko Ilazo hapa Dodoma, maana ndiye kila mtu ananiulizia. Doro wat, yaani mchuzi mzito wa kuku wenye yai zima la kuchemsha ndani yake, ndicho chakula cha sikukuu cha Wahabeshi, na utamu wake wote uko kwenye vitunguu. Hukatwa vidogo vidogo, vingi kweli kweli, vikapikwa kwa moto mdogo bila mafuta mpaka viyeyuke na kubadilika rangi. Hapo ndipo inaingia berbere, ile pilipili nyekundu iliyosagwa pamoja na viungo, na siagi yao ya viungo. Si kazi ya nusu saa. Hawa wa Ilazo walikuwa na haraka. Nilikuta vipande vya vitunguu bado vinalia mdomoni, mafuta yanaelea juu, na kuku mwenyewe ni wa kisasa, nyama imeachana na mfupa kabla sijaigusa. Kwa shilingi 18,000, tena kwenye mji ambao kuku wa Singida wanapita njiani kwenda Dar, mimi siagizi tena. Pilipili nayo imepunguzwa. Mhudumu anasema wateja walilalamika. Jamani, asiyetaka pilipili chipsi kuku zipo kila kona ya Dodoma.

Hayo tuyaache hapo, kwa sababu vingine vyote vimenifanya nirudi.

Mgahawa wenyewe hauna jina. Kibao kimeandikwa "Chakula cha Kihabeshi" tu, nacho kimefunikwa nusu na mwarobaini. Meza za nje zikwepe, hasa miezi hii ya upepo, vumbi litakula kabla yako. Ndani ni padogo, viti vya plastiki, feni moja, koki ya kunawia pembeni na sabuni ya maji iliyozimuliwa mno. Lipa namba ipo, na risiti wanatoa bila kudaiwa.

Siku niliyomshawishi mama yangu twende wote ilikuwa Ijumaa. Mama ni Mgogo wa Mvumi, mtu wa ugali wa uwele na mlenda, na kwenye chakula cha watu haonei mtu haya. Jumatano na Ijumaa Wahabeshi Waorthodoksi hufunga: hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Kwa hiyo siku hizo jikoni wanapika sahani ya mfungo, beyainatu, na nionavyo mimi hapo ndipo mikono yao ilipo. Injera moja kubwa, yaani mkate wao mpana na laini kama chapati, imetandazwa sinia zima, juu yake mafungu mafungu: dengu nyekundu zenye berbere, njegere za njano zilizopikwa kwa binzari, kabichi na karoti, sukuma wiki, viazi. Shilingi 15,000 na tulikula wawili tukashiba.

Mama aliimega injera, akaigeuza, akaichungulia vile vitundu vyake, akanusa. "Huu unga umelala," akasema. Umelala kweli. Unga wa teff, nafaka ndogo ya kwao, hukorogwa na maji ukaachwa siku kadhaa uchachuke, ndipo uji wake unamiminwa juu ya kikaango kipana kwa kuzungusha kutoka pembeni kwenda katikati, ukafunikwa. Haugeuzwi, ndiyo maana upande wa juu una matundu na wa chini ni laini. Dada mwenye mgahawa alituambia teff analetewa kutoka kwao na ni ghali, kwa hiyo anachanganya na mtama wa hapa hapa. Mtu anaweza kudhani ni ujanja, lakini hata Ethiopia wapo wanaopika injera ya mtama, hasa sehemu kame. Na kwa ulimi wa mtu wa Dodoma, mtama ule ndio unaopoza uchachu. Mama alimaliza upande wake akaanza kuingia wangu.

Kisha ikaja shiro, ndani ya chungu kidogo, bado inatokota. Ni unga wa dengu uliopikwa na vitunguu, vitunguu saumu na berbere mpaka ukawa rojo. Hii hawakuipunguzia kitu. Moto wake hauji mara moja, unapanda taratibu ukiwa tayari umeshameza tonge la tatu. Shilingi 10,000. Ukienda mara moja tu, agiza hii.

Dada alipoona mama anakula kwa raha, alinawa, akakunja kipande cha injera na shiro, akakileta mpaka mdomoni pake. Ni desturi yao, wanaiita gursha, heshima kwa mgeni. Mama akarudisha kichwa nyuma. "Nilishwe, kwani naumwa?" Dada hakushusha mkono, alisimama vile vile anatabasamu. Mama akanitazama, akafungua mdomo. Baadaye akataka na yeye amlishe dada, ikabidi dada ainame.

Kahawa ni ya jioni tu. Wanaikaanga mbele yako, ubani unafuka, inachemshwa kwenye birika la udongo na kuletwa na bisi kwenye kisahani. Duru ni tatu kwa buni ile ile, kila duru nyepesi kuliko iliyotangulia, kwa hiyo usiende ukiwa na kikao kule Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Bei 5,000 kwa meza nzima.

Ijumaa piga simu mapema, injera huisha. Saa hazitawachanganya: Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, kwa hiyo saa saba ya dada ni saa saba yako. Jumapili hawafungui.