Sophienburg, New Braunfels: mahali pa kuanzia ukitafuta ukoo wa Wajerumani wa Texas

Kama umeolewa kwenye familia ya Wajerumani wa Texas kama mimi, na wazee wa upande huo wanataka kujua walikotoka, wapeleke Sophienburg kabla hujalipa hata senti kwenye mtandao. Ni makumbusho yenye hifadhi ya nyaraka, mjini New Braunfels, si mbali na San Antonio. Nilikwenda na mama mkwe, mtu mzima wa miaka themanini na kitu, ambaye mpaka leo akikasirika hugombeza kwa Kijerumani cha huku, kile alichokisikia kwa bibi yake.

Sisi tulianzia mtandaoni, kwenye huduma moja ya kulipia kila mwezi. Tukaingiza majina machache, na muda si muda tukaletewa mti wa ukoo uliojaa watu, na juu kabisa ameketi Mwanamfalme Carl wa Solms-Braunfels. Mama mkwe alifurahi, maana kwao hadithi ya kwamba wana damu ya kifalme ni ya siku nyingi. Nilipobonyeza jina moja moja nikitafuta hati, hakuna. Mtu kanakili kwa mtu, naye kanakili kwa mwingine. Na historia yenyewe inakataa. Carl alifika Texas 1844, akauanzisha mji wa New Braunfels Machi 1845, na mwaka huohuo akarudi Ujerumani kumwoa Sophie, mchumba wake aliyekuwa akimngoja. Ngome aliyoianza juu ya kilima aliipa jina la huyo mchumba. Sophie hakukanyaga Texas, na Carl hakurudi. Makumbusho yapo kwenye kilima hichohicho.

Kilichonipendeza kwanza ni swali tuliloulizwa pale mezani. Mhudumu hakutaka kujua jina la ukoo wala mkubwa wa ukoo. Aliuliza: mtu wa zamani zaidi mnayemjua kwa hakika ni nani, na alifia wapi? Tulikuwa na mmoja, seremala, babu wa babu yake mama mkwe, ambaye kaburi lake lipo na mwaka unasomeka. Basi akaanzia kwenye kifo, akaturudisha nyuma kupitia gazeti la Neu-Braunfelser Zeitung.

Gazeti hili ndilo hazina yenyewe. Lilianza 1852, na mhariri wake wa kwanza alikuwa Ferdinand Lindheimer, mtaalamu wa mimea ambaye jina lake limebaki kwenye mimea mingi ya Texas. Liliandikwa kwa Kijerumani, kwa zile herufi za kale zenye kona kona, na ndiyo maana mitandao mingi inayotafuta kwa Kiingereza hupita juu yake bila kuona kitu. Tanzia za zamani haziishii kutaja jina na siku ya mazishi. Ya seremala wetu ilitaja kijiji alichozaliwa katika utawala wa Nassau huko Ujerumani, mwaka aliofika, ugonjwa uliomuua, mke aliyemtangulia na watoto waliobaki hai. Mama mkwe aliisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, polepole kama mtu anayesoma barua ya kwake. Alipofika mahali paliposema kwamba marehemu aliwapoteza baba na mama pwani, akanyamaza. Akairudia sentensi ile kwa Kiingereza ili nami niielewe. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusema kwamba yule mzee alikulia uyatima.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu bila hili tanzia ile haina uzito. Mwaka 1842 mabwana wa Kijerumani wenye vyeo waliunda chama cha kupeleka wahamiaji Texas, kinachojulikana kwa jina la Adelsverein. Familia iliweka amana ya gulden 600, sarafu ya Ujerumani ya wakati ule, ikaahidiwa ekari 320, na mseja nusu yake. Ardhi iliyoahidiwa ilikuwa ndani kabisa, kwenye nchi ya Wakomanche, wenyeji wa asili wa huku, na walio wengi hawakuifikia. Waliowahi kufika New Braunfels walipewa kiwanja mjini na shamba la ekari 10. Kisha meli zikazidi kuja, maelfu ya watu wakashushwa kwenye ufuo ulioitwa Carlshafen, baadaye Indianola, bila nyumba wala mikokoteni ya kutosha. Mei 1846 Marekani ikaingia vitani na Mexico, jeshi likaichukua mikokoteni, na watu wakabaki kwenye mahema na mashimo waliyochimba mchangani, mvua ikiwanyeshea, homa na kuhara damu vikiwamaliza. Mchungaji wa New Braunfels, Louis Ervendberg, aliwakusanya baadhi ya watoto waliobaki peke yao, na 1848 yeye na wenzake wakaanzisha nyumba ya yatima nje kidogo ya mji.

Wazazi wa seremala walikufa kwenye ufuo ule. Makaburi yao tusitafute: Indianola ilipigwa na kimbunga 1875, ikapigwa tena 1886, watu wakauhama mji moja kwa moja.

Mimi ni wa Tanga. Mjerumani niliyekua nikimsikia ni wa utawala, wa reli na mashamba ya mkonge, wa viboko. Kukaa pale nikisoma habari za wakulima na mafundi waliouza vyombo vyao kupata nauli, kisha wakazikwa mchangani, kulinigusa sana. Ni watu wa taifa moja, lakini maisha yao hayafanani kabisa.

Kwa kijiji kile cha Nassau tuliweza sasa kuvuka bahari. Hapo ndipo ujuzi wa watu wa hifadhi unapoonekana, kwa sababu daftari za ubatizo za makanisa ya Ujerumani ziliandikwa kwa mwandiko wa Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo huutolea macho. Herufi e inafanana na n, na h inashuka chini ya mstari kama mkia. Tulielezwa pia kwamba zamani jina la ukoo la mwanamke liliongezewa -in mwishoni. Shikilia hilo, litakuokoa: tulikuwa tumemtafuta mama yake seremala bila mafanikio, kumbe yupo siku zote, na -in yake. Daftari nyingi za Kiprotestanti za Ujerumani ziko kwenye mtandao wa Archion kwa malipo, na nyingi za Kikatoliki ziko Matricula bure. Lakini ukiingia huko bila jina la kijiji utapotea tu.

Kuna jambo ambalo nilikwenda nalo moyoni, na nawaomba wenzangu mliulize pia. Chama hichohicho cha mabwana kilinunua shamba lililoitwa Nassau, hukuhuku Texas katika Fayette County, mwaka 1843, na shamba hilo lililimwa na watumwa, watu wa asili yetu. Kwa hiyo tulitafuta jina la ukoo wa mume wangu kwenye orodha za wenye watumwa za sensa ya 1850 na ya 1860. Halimo. Mama mkwe alivuta pumzi, nami pia. Lakini orodha zenyewe zilinikaa rohoni. Jina la mwenye mali limeandikwa, na chini yake umri, jinsia na rangi, mstari baada ya mstari, watu karibu wote bila majina. Rafiki yangu wa kazini, Mmarekani mweusi, ukoo wake unaishia 1870, sensa ya kwanza iliyowaandika watu wake wote kwa majina. Seremala yatima, asiye na kitu, aliandikwa jina lake kila mahali alipopita. Mkipekua nyaraka hizi msiache kuona nani hayumo.

Vilevile msifikiri Wajerumani wote wa huku walikuwa upande mmoja. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wengi wa vilimani walikataa kupigania Kusini, upande uliotetea utumwa, na Agosti 1862 baadhi yao waliuawa kando ya mto Nueces wakielekea Mexico. Mnara wao upo Comfort, umeandikwa Treue der Union, yaani uaminifu kwa Muungano. Ukiwa na siku ya pili, nenda.

Kwa utafiti wenyewe naipa Sophienburg alama zote. Sehemu ya makumbusho ni nzuri kwa watoto, lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya karatasi. Piga simu kwanza uombe nafasi hifadhini, sema unamtafuta nani, ili wakutayarishie. Nenda na majina, miaka, picha za makaburi, na mzee wa familia. Huyo mzee usimwache nyumbani. Mara nyingine jina lililoharibiwa na mwandika sensa yeye hulitambua kwa kulisikia tu.

Ambacho hutapata kwa urahisi ni jina la meli. Orodha za abiria waliopandia Bremen kwa sehemu kubwa ziliteketezwa zamani kwa kukosa nafasi ya kuzihifadhi, na za Hamburg zinaanzia 1850, wakati wetu walikuwa wameshafika. Tumeshauriwa tutafute mikataba ya wahamiaji na hati za ardhi kwenye ofisi ya ardhi ya jimbo, Austin. Mama mkwe ameshaandika orodha ya maswali, la kwanza likiwa: ile ardhi waliyoahidiwa wazazi wa seremala, mtoto wao aliipata, au kuna mtu aliinunua haki yake kwa bei ya bure?