Majarida ya anga za juu, Mtaa wa India Bagamoyo: chagua kwa kuangalia viwiko

Duka lenyewe ni chumba kimoja Mtaa wa India, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Linauza majarida ya zamani ya Marekani na Uingereza, na mwenye duka pia huchapa picha kubwa za kutundika ukutani. Wateja wake wengi ni watalii na wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo, wanaosaka mitindo ya jukwaani. Rafu yenye thamani kuliko zote hapo ni ya majarida ya safari za anga za juu, na uhakiki huu ni wa rafu hiyo pekee. Majarida ya miaka ya 1960 yanauzwa kwa bei ya haki. Yale ya miaka ya 1950 ni ghali, ila mengine yanastahili. Picha za kuchapa zina kasoro ya rangi ambayo mnunuzi anapaswa kuijua kabla ya kulipa.

Majarida yamepangwa kwa mwaka badala ya jina, na mpango huo unamfaa sana anayetaka kuona jinsi wachoraji walivyokuwa wakibahatisha. Juu kabisa yako majarida ya hadithi za kubuni ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, yale ya karatasi nyepesi ya bei rahisi. Wachoraji wa aina ya Frank R. Paul walimvika mwanaanga nguo ya mzamia lulu, wakamwekea bakuli la kioo kichwani, basi. Jalada linapendeza, lakini karatasi ya ndani imejaa asidi: imegeuka rangi ya chai na kona zinavunjika ukizishika. Usiyanunue kwa ajili ya kuyasoma.

Rafu ya kati ndiyo yenye mali. Kuanzia tarehe 22 Machi 1952 hadi 30 Aprili 1954, jarida la Collier's lilitoa mfululizo wa matoleo manane kuhusu safari za anga za juu. Mhandisi wa roketi Wernher von Braun, pamoja na Willy Ley, Heinz Haber na Fred Whipple, walikuwa miongoni mwa waandishi, na michoro ilikuwa ya Chesley Bonestell, Fred Freeman na Rolf Klep. Humo kuna kituo cha angani chenye umbo la gurudumu, kipenyo futi 250, kinachozunguka ili watu wa ndani wahisi uzito, kikiwa maili 1,075 juu ya dunia na kuizunguka kila baada ya saa mbili. Matoleo ya tarehe 18 na 25 Oktoba 1952 yanahusu safari ya Mwezini ya watu hamsini kwa vyombo vitatu. Watu wengi hulikimbilia toleo la kwanza kwa sababu ya jalada la Bonestell lenye roketi ya mabawa. Kwa anayetaka kujifunza, kurasa za Freeman ni bora zaidi: anakata ukuta wa chombo na kuonyesha kila mtu ndani anafanya nini.

Sasa suti. Njia ya haraka ya kupima mchoro wa mwanaanga ni kutazama viwiko, magoti na mabega. Suti ya angani haifanyi kazi kama nguo, ni mfuko wa hewa wenye umbo la mtu. Nje kuna ombwe, yaani hakuna hewa kabisa, ndani kuna presha, kwa hiyo kitambaa kinavimba na kukakamaa kama tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo. Ukikunja mkono, nafasi ya ndani inapungua, hewa inabanwa, na suti inausukuma mkono urudi kunyooka. Ndiyo maana mchoro wa mtu aliye nje ya chombo, shati limejikunja vizuri kiwikoni na vidole vimeshika spana kwa wepesi, ni mchoro wa nguo. Mchoraji aliyeelewa ataweka pete za chuma zinazozunguka, au mikunjo ya mpira kwenye kiungo ili upande mmoja ufunguke wakati mwingine unajifunga. Russell Colley wa B.F. Goodrich, aliyemtengenezea rubani Wiley Post suti ya presha mwaka 1934, alipata wazo la kiungo cha namna hiyo kwa kumtazama kiwavi wa mnyanya akijipinda.

Tahadhari moja hapa, maana kipimo hiki kinawapoteza wengi wakifika kwenye picha za Apollo, safari za Wamarekani kwenda Mwezini. Suti za Mwezini zinaonekana zimejaa makunyanzi. Kinachokunjamana pale ni koti la nje la kukinga joto na vumbi, ambalo halibebi presha. Mfuko wenyewe uko ndani, umekaza. Suti hiyo, A7L, ilitengenezwa na kampuni ya ILC huko Dover, Delaware, kwa cherehani na mikono ya mafundi wanawake, na ilijazwa oksijeni tupu kwa presha ya takriban robo ya ile ya usawa wa bahari. Presha iliwekwa chini makusudi: kadiri inavyopanda ndivyo viungo vinavyogoma.

Mtu anayetaka kuona kosa la wachoraji lilivyokuwa hatari kwa binadamu halisi, atafute rafu ya chini majarida ya 1965. Tarehe 18 Machi mwaka huo Msovieti Alexei Leonov alitoka nje ya chombo kwa takriban dakika 12. Suti yake ilivimba kiasi kwamba kurudi kwenye mlango mwembamba kulikuwa shida, ikabidi apunguze presha. Miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 3 Juni, Mmarekani Ed White alitoka nje ya chombo cha Gemini 4, na picha zake za rangi zilitanda kwenye majarida. Weka picha ya White kando ya mchoro wowote wa 1952 na utazame mabega. Mchoraji alimwachia mtu wake mabega ya kawaida, huku kamera imemkuta White mikono imetanda mbele, mkao unaoamuliwa na suti yenyewe.

Suti za fedha za Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani, zinahitaji maelezo, kwa sababu muuzaji huziita za kutembea angani. Sivyo. Zilitokana na suti ya marubani wa jeshi la majini la Marekani, Mark IV ya Goodrich, na rangi ya fedha ilitokana na nailoni iliyopakwa alumini. Ndani ya chombo zilikuwa akiba tu: zingejaa hewa endapo chombo kingevuja. Jarida la Life lilikuwa na mkataba wa pekee wa habari binafsi za wanaanga saba wa Mercury, ndiyo sababu picha zake zinawaonyesha karibu kuliko za wenzake.

Kwa msomaji wa pwani hii, majarida ya 1962 yana kitu cha ziada. John Glenn, mmoja wa wanaanga hao, alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, mlolongo wa vituo vya mawasiliano ulitoka Kano, Nigeria, ukaja Zanzibar, kisha meli iliyokuwa Bahari ya Hindi. Kituo cha Zanzibar kilifungwa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Ukikuta toleo lenye ramani ya njia ya chombo, kagua kama kisiwa kimeandikwa jina. Ramani hizo mara nyingi huchanwa na wanaopenda kutundika, na jarida lisilo na ramani lisiuzwe kwa bei ya zima.

Toleo la National Geographic la Desemba 1969 linapatikana hapo kwa urahisi. Lilikuja na santuri nyembamba ya plastiki yenye sauti za safari za anga za juu, msimulizi akiwa mwanaanga Frank Borman. Fungua uone kama bado imo. Isipokuwemo, omba punguzo. Ikiwemo, iguse: ikiwa imejipinda kwa joto, sindano itaruka.

Ukaguzi wenyewe uufanye hivi. Fungua katikati kabisa utazame pini. Chumvi ya bahari huzila, kutu hula karatasi inayozizunguka, na jarida hukatika vipande viwili. Kisha hesabu kurasa. Kwenye jarida la pini, karatasi moja ni kurasa nne, kwa hiyo ukurasa ukichanwa mwanzoni, mwenzake wa mwishoni hubaki unaning'inia. Ukurasa uliolegea nyuma ni dalili ya picha iliyoibwa mbele. Nusa: harufu ya ukungu haitoki kwa kuanika, na jua linafifisha wino. Madoadoa ya kahawia pembeni ni ya kawaida, yasikutishe. Selotepu ya zamani ni hasara, gundi yake imeshapenya karatasi.

Kutofautisha jarida la asili na nakala, tumia lenzi ndogo au kamera ya simu karibu kabisa na shavu la mtu pichani. Uchapaji wa zamani una vitone vya rangi nne vilivyopangwa kwa mpangilio unaojirudia. Printa ya wino hutawanya vitone ovyo. Nakala iliyopigwa skana kutoka jarida huonyesha mawimbi mawimbi kwenye anga jeusi, na hapo ndipo huduma ya kuchapa ya duka hili inapokwama. Weusi wa Bonestell unatoka kijivu chenye kijani, na nyota ndogo zinapotea. Sababu ni skana ya kasi pamoja na karatasi isiyopakwa tabaka laini juu. Omba skana ya nukta 600 kwa inchi na kuondoa vitone kabla ya kukuza, karatasi nzito ya picha, na ukubwa usiozidi A3. Mwenye duka anakubali kuchapa kipande cha majaribio ukimwambia mapema. Kataa ofa ya kulaminishia jarida la asili: uharibifu wa joto lile haurekebishiki.

Ukinunua, jarida kubwa kama Life halitaingia kwenye faili la A4. Likunje na umeliharibu. Liweke bapa juu ya kadi ngumu ndani ya mfuko wa nailoni safi, pamoja na kipakiti cha silika cha kunyonya unyevu, na kipakiti hicho kibadilishwe masika yakianza. Usiliweke kwenye kabati lililogusa ukuta wa matumbawe, maana kuta hizo hunyonya unyevu mwaka mzima. Fremu iache nafasi kati ya kioo na karatasi, la sivyo wino utashikana na kioo.

Duka hupokea malipo ya simu. Nenda asubuhi, taa ya ndani ni hafifu na vitone haviangaliwi gizani.