TAHADHARI: Wakala wa bima ya nyumba wa WhatsApp, bima yangu imekutwa ni ya bodaboda ya mtu

Wakuu habari za muda huu. Hii nilitakiwa kuiandika tangu mwezi wa nne 2024 ila kila nikianza najikuta naandika matusi nafuta, leo angalau nimetulia. Nimepigwa na mtu anayejiita wakala wa bima, bima ya nyumba na vitu vya ndani, na kwenye mtaa wetu peke yake tumeshajitokeza wanne, kwa hiyo huko kwingine lazima wapo wanaolala usingizi mzito wakijua wana bima kumbe hawana kitu. Jina lake siliweki hapa maana suala liko polisi na RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo, ila mchezo wenyewe nitaueleza wote.

Ilianza hivi. Mwaka 2023 mwezi wa tisa huku kwetu Goba, Dar, nyumba ya jirani iliungua, umeme ulikatika usiku ukarudi kwa nguvu, friji ikashika moto, mpaka watu wanashtuka jiko lote limekwenda. Kwenye grupu la mtaa wiki nzima stori ikawa bima tu, nani anayo nani hana, wanalipa kweli au usanii. Katikati ya hizo stori akaibuka huyu jamaa, mpaka leo hakuna anayekubali kwamba ndiye aliyemuingiza kwenye grupu, akatupia jedwali kali kweli kweli, kampuni tano zimepangwa na nembo zake, pembeni bei, chini kaandika NAKULINGANISHIA BURE, NAFANYA NA KAMPUNI ZOTE. Watu tukamfuata inboksi kama kuku waliomwagiwa mtama.

Sasa msinione mjinga kihivyo. Mimi nilishaenda mwenyewe kwenye kampuni moja mjini wakanipa kotesheni, nyumba milioni 85, vitu vya ndani milioni 22, ikaja 324,000, ukiweka na VAT ya asilimia 18 inafika 382,320. Benki ninapopitishia mshahara nao wana dawati la bima, wakaniambia 361,000 kila kitu humo. Huyu jamaa akaniambia 195,000, VAT imo, na kampuni ni ile ile niliyoenda mimi. Nikamuuliza inakuwaje wewe uuze nusu ya bei ya wenyewe, akanijibu kwa sauti, mpole huyo, "Kaka yangu, ukienda ofisini unapewa bei ya mteja wa kutembea, mimi nina bei ya wakala." Mwenzenu nikaona ana pointi. Sikujiuliza kwamba VAT ni hela ya serikali, haina bei ya wakala wala bei ya shemeji, na kamisheni ya wakala inatoka humo humo kwenye ada ninayolipa. Kupunguziwa kidogo kupo, ila kukatiwa nusu na wewe ubaki na kinga ile ile, hapana.

Siku ya kulipa akanitumia lipa namba. Naingiza, kabla sijaweka namba ya siri jina linakuja la saluni. Saluni jamani! Nikampigia, akacheka, "Hiyo ni ya waifu kaka, ya ofisi leo mtandao unasumbua, nikipokea tu naingiza kwenye mfumo." Nikaweka namba ya siri. Wanaonijua wanajua mimi ndiye ninayebishana na konda kwa shilingi mia, lakini hapo nikaweka namba ya siri.

Baada ya saa moja ikaja kavanoti, ile hati ya kuonyesha umekatiwa bima, ya PDF, safi, nembo ipo, namba ya kumbukumbu ipo, jina langu, nyumba yangu, milioni 85 na milioni 22. Na ili animalize kabisa akanitumia na skrinishoti ya ule ukurasa wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, wa kuhakiki bima, namba ile ile, inaonyesha ipo hai. Sasa mtu wa kawaida ukiona TIRA utauliza nini tena? Nikamshukuru kabisa, nikamuunganisha na shemeji yangu wa Kinyerezi. Naye kalizwa, na tangu hapo salamu zake ni fupi sana.

Ikaja masika ya 2024, mnaikumbuka, mvua haikati. Usiku mmoja mwezi wa nne imenyesha mpaka ukiongea sebuleni hamsikilizani kwa kelele za bati, wezi wakakata nondo mbili za dirisha la dining, sisi tumelala ndani na hatukusikia chochote. Asubuhi mama watoto ndiye aliyeona pazia limelowa. TV ya inchi 55, laptopu ya kazi, sabufa, mtungi wa gesi na jiko lake, hadi pasi wamebeba. Nikapiga hesabu ikaja kama milioni 4 na laki 6. Na niwe mkweli, sikuumia sana siku ile, nilikuwa namwambia mke wangu tulia tuna bima. Nikaenda polisi nikachukua RB, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaniandikia barua, nikapiga picha dirisha kila upande, jamaa nikampigia mara moja akapokea akasema pole sana kaka nashughulikia, kuanzia hapo hapatikani.

Nikaenda mwenyewe kwenye kampuni. Yule dada wa kaunta akaingiza namba, akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akaangalia skrini tena. Akaniuliza, "Kaka, una pikipiki?" Nikamwambia sina. Akanigeuzia kompyuta. Ile namba kweli ipo, kweli iko hai, kweli ni ya kampuni yao, ila ni bima ndogo ya pikipiki, namba zinaanza na MC, mmiliki mtu mwingine kabisa ambaye sidhani hata anajua. Jamaa anachofanya anachukua kavanoti ya kweli ya bodaboda, namba anaiacha, vingine vyote anafuta anaandika vya kwako. Na ile skrinishoti ya uhakiki alikuwa ameikata juu na chini, imebaki namba na neno la kuonyesha ipo hai, sehemu inayosema imekatiwa nini na nani haipo.

Yule dada akanionyesha na kingine, nimekishika kichwani mpaka leo. PDF yangu imeandikwa kuanzia 12/10/2023 mpaka 12/10/2024. Yao ya mwaka mmoja inaishia siku moja nyuma, 11/10/2024. Kitu kidogo hivyo, na mimi nilikuwa nayo kwenye simu miezi sita. Ukikuza picha unaona hata tarakimu za ile milioni 85 zimekolea kuliko maandishi ya pembeni.

Kwa hiyo kwanza kabisa, usikubali kuletewa skrinishoti ya uhakiki. Ingia mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA MIS, ingiza namba kwa mkono wako, halafu SOMA. Usiangalie tu kama ipo hai, soma jina la aliyekatiwa na kilichokatiwa, kama wewe umekata nyumba na pale panasomeka chombo cha moto, kimbia. Hela lipa kwa jina la kampuni au la wakala aliyesajiliwa TIRA, sio kwa waifu. Risiti iwe ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye namba ya uhakiki ambayo unaweza kuiangalia kwenye tovuti ya TRA, mimi nilipewa ki-PDF chenye muhuri wa bluu nikaridhika. Na kabla ya hayo yote piga simu kwenye kampuni kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, sio aliyokupa yeye, uliza huyu mtu mnamjua?

Lakini wakuu kuna hili la pili ambalo kwangu ndio limeniuma zaidi. Juzi nimekata upya, safari hii kwa brokeri, yaani dalali wa bima, mwenye ofisi, na ndio nikagundua hata kama yule jamaa angekuwa mkweli, lile jedwali lake lilikuwa takataka. Lilikuwa na bei tu. Bei ya nini sasa? Brokeri kaniwekea mikataba mitatu ya bima mezani, bei zinapishana elfu arobaini tu, ila ndani ni mbingu na ardhi. Moja wizi inalipa pale tu kuna dalili za kuvunja, yaani kama nondo zangu zisingekatwa, mtu angeingia tu kwa mlango uliosahaulika wazi, hupati kitu. Nyingine mafuriko hayamo mpaka uongeze hela, na huku kwetu mnajua maji yanavyoshuka bondeni. Nyingine ukiiacha nyumba bila mtu zaidi ya siku 30 wizi haumo, sisi tunaokwenda Moshi Desemba tukaunganisha na likizo tuwe makini hapo. Friza la mke wangu la kuuzia barafu na juisi halimo kwenye zote tatu, kwa sababu ni la biashara, lazima likatiwe peke yake. Vitu vya thamani kama laptopu na dhahabu unaviorodhesha kimoja kimoja, na ukitaka laptopu ikingwe hata ukiwa nayo kwenye daladala hiyo ni nyongeza nyingine.

Halafu kuna kale kamchezo ka kushusha thamani ili ada ipungue. Yule jamaa kuna mtu kwenye grupu alimshauri hivyo, andika vitu milioni 11 badala ya 22 ulipe kidogo. Brokeri akanichorea kwenye karatasi, ukikatia nusu ya thamani, hata hasara ikiwa ndogo unalipwa nusu. Wameiba vya milioni 4, wanakupa 2, tena hapo bado wanatoa ile sehemu unayobeba mwenyewe kwa kila klemu, yaani kila ukidai fidia. Na upande wa nyumba usiandike bei ambayo ungeiuzia, andika gharama ya kuijenga upya, kiwanja hakiungui. Uliza pia kama wanalipa bei ya kitu kipya au wanakata uchakavu, maana TV ya miaka minne wakishakata uchakavu unarudi na hela ya redio.

Wapangaji nanyi, msikubali kuuziwa bima ya jengo, jengo ni la mwenye nyumba, nyie kateni ya vitu vya ndani tu, ni nafuu sana. Na wenye mkopo wa nyumba wanaosema "benki walishanikatia", ile mara nyingi ni ya jengo na anayelindwa kwanza ni benki, kochi lako halimo.

Kwa waliolizwa na huyu huyu, anajulikana kwa jedwali lake lenye kichwa cha kijani na sauti ya upole ya "kaka yangu" au "dada yangu", naomba mkachukue RB zenu kila mtu yake, msiseme ni hela ndogo, polisi waliniambia tukiwa wengi inakuwa rahisi. TIRA nao nimewapelekea malalamiko kwa maandishi pamoja na ile PDF, kuuza bima bila usajili ni kosa. Kuna na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, huyo ni wa kumwendea ukigombana na kampuni halisi kuhusu malipo yako. Mimi hakunifaa kwa sababu sina kampuni ya kugombana nayo, sikuwahi kuwa mteja wa mtu.

Ile namba yake ya WhatsApp picha ameshatoa. Ila jana usiku nimejaribu ile lipa namba, nikaweka shilingi mia tano nione, jina likaja lile lile la saluni, bado inapokea. Nikabonyeza kughairi. Mwenye namba inayoishia 47 kwenye meseji zake za malipo anitafute inboksi.