Miaka mitatu na Yamaha TRBX174 ya mtumba: kinachonunuliwa ni shingo

Besi yangu ya kwanza, gitaa la sauti nzito, niliinunua kwa macho. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, imetundikwa dukani Kariakoo juu ya safu ya vinanda, na mimi nilikuwa nimeshajiona nayo Jumapili mbele ya kwaya. Nilitoa Sh 380,000 taslimu bila hata kuomba iunganishwe kwenye spika. Jina lililoandikwa kichwani sikuwahi kulisikia kabla, wala sijalisikia tena.

Mwezi wa tatu uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukaanza kukwaruza kila nikivuka freti ya tano (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo). Nikapandisha nyuzi. Mkwaruzo ukapungua, lakini vidole vikaanza kuuma, na kuanzia freti ya 12 kwenda juu kila noti ikawa imepanda kidogo. Si sana, ila inatosha mpiga kinanda kugeuka na kuniangalia. Nikampelekea mzee mmoja aliyepiga besi kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi. Hakuipiga hata noti moja. Aliinyanyua, akaweka jicho kwenye mkia wa gitaa na kutazama kuelekea kichwani, vile seremala anavyokagua ubao kabla ya kuulipia.

"Mwanangu, shingo imejisokota," akasema. "Ingekuwa imepinda tu tungeivuta. Hii upande mmoja umekwenda huku, mwingine kule."

Tofauti hiyo ndiyo iliyonigharimu. Ndani ya shingo ya besi kuna chuma kirefu kinachokazwa au kulegezwa kwa alenki. Kazi yake ni kupingana na mvuto wa nyuzi. Shingo ikivutwa mbele mithili ya upinde, unakaza chuma nayo inarudi. Ikipinda kwa nyuma, unalegeza. Lakini mbao iliyojisokota, upande wa uzi wa E ukawa juu na wa G, ule mwembamba kuliko wote, ukawa chini, chuma hicho hakiwezi kuinyoosha. Pikapu, vile vinasa mlio vilivyo chini ya nyuzi, utabadilisha, nyuzi utabadilisha, waya za ndani utazichoma upya kwa risasi kwa fundi redio wa mtaani. Shingo ndiyo besi yenyewe.

Kwa hiyo nilipotafuta ya pili nilikwenda na kanuni moja: kwanza shingo, mengine baadaye. Kijana mmoja wa Temeke alikuwa anauza Yamaha TRBX174 kwa sababu anakwenda masomoni mkoani. Alitaka Sh 600,000. Nilifika jioni, umeme umekatika, tukakaa barazani.

Nilianza kwa kuitazama kama yule mzee alivyofanya, kutoka mkiani, kisha kutoka kichwani. Halafu nikafanya jaribio ambalo halihitaji chombo chochote. Kwa kidole cha mkono wa kushoto nikabana uzi wa E kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono wa kulia nikaubana pale shingo inapoungana na mwili. Uzi uliovutika hivyo ni rula iliyonyooka. Nikamwomba kijana amulike kwa simu katikati, karibu na freti ya saba na ya nane. Palikuwa na mwanya mwembamba kati ya uzi na freti, kama unene wa kadi ya biashara. Hapo ndipo unapopataka. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, shingo imenyooka mno au imepinda kwa nyuma. Ukiona mwanya unaoweza kupitisha sarafu, imevutwa mbele. Nikarudia kwenye uzi wa G. Mwanya ni uleule. Hiyo ndiyo habari niliyoitaka, kwa sababu mianya ya pande mbili ikitofautiana sana, jiulize kama shingo haijajisokota.

Baada ya hapo nikapanda freti moja moja kwenye kila uzi, polepole, nikisikiliza noti inayokufa ghafla au inayokwaruza. Nikapitisha kiganja kando ya shingo kuona kama kuna ncha za freti zinazochoma. Nikaangalia freti za mwanzo, maana ndizo zinazoliwa na nyuzi kabla ya zingine. Zilikuwa na vijishimo vidogo chini ya uzi wa A na D. Zimetumika, ila hazijaisha.

Kisha freti ya 12. Urefu wa uzi kwenye besi hii ni inchi 34, kama sentimita 86, na freti ya 12 iko nusu ya safari. Gusa uzi juu yake bila kuubana, piga, utasikia sauti nyembamba ya filimbi. Sasa ubane hapohapo, upige. Sauti mbili hizo lazima ziwe noti moja. Ile ya kubana ikiwa juu, kile kitandiko kidogo cha uzi kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, kinarudishwa nyuma kwa bisibisi. Ikiwa chini, kinasogezwa mbele. Yake ilikuwa juu kidogo kwenye uzi wa E. Hilo si tatizo, ni kazi ya dakika 10.

Kijana akasema, "Kaka, mimi nina safari kesho, kama umeridhika tumalizane." Nikamwambia nimeridhika na mbao, umeme bado sijauona. Tukasubiri mpaka saa moja na nusu usiku uliporudi. Nikaiunganisha, nikazungusha kila kitufe nikisikiliza mikwaruzo, nikatikisa jeki, lile tundu la kuchomekea waya. Jeki ilikuwa inakata. Tukaelewana Sh 520,000, na siku ya pili fundi redio akaichoma upya kwa Sh 5,000.

Hiyo ndiyo besi ninayopiga hadi leo, karibu kila Jumapili na baadhi ya Jumamosi kwenye harusi.

Niseme ilivyo. Ina nyuzi nne, freti 24, pikapu mbili. Ya kwanza ni ile iliyokatwa vipande viwili, ya asili ya Precision, besi ambayo Leo Fender aliitoa mwaka 1951. Ya pili, karibu na daraja, ni nyembamba ya asili ya Jazz Bass ya mwaka 1960. Kila pikapu ina kitufe chake cha sauti, kisha kimoja cha toni. Haina betri, na kwangu hilo ni faida kubwa. Wenzangu wenye besi za betri ya volti 9 nimewaona wakizimikiwa katikati ya wimbo, na mara nyingi sababu ni moja: wameacha waya umechomekwa usiku kucha. Kwenye besi nyingi za aina hiyo, kuchomeka waya ndiko kunakowasha saketi. Kama unayo, chomoa waya kila ukimaliza.

Pikapu ya mbele ndiyo ninayoitegemea. Sauti yake ni nene, imekaa katikati, na haizamishwi na kinanda. Ya nyuma inaongeza ncha, noti zinasikika moja moja, nzuri kwa seben, ile sehemu ya kuchezeka ya wimbo, vidole vinapokwenda mbio. Ila pikapu nyembamba ya aina hii, kwenye besi nyingi, hunasa mngurumo wa umeme ikiwa peke yake. Kwenye ukumbi wenye taa za tyubu naipunguza mpaka robo.

Sasa suala la kuunganisha, maana hapa ndipo wapiga besi wengi wa makanisani wanapoilaumu besi isiyo na kosa. Sisi wengi hatuna amplifaya ya besi. Tunachomeka waya moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, sauti inatoka nyembamba kama ya bati, tunasema gitaa bovu. Pikapu zisizo na betri zinataka kupokelewa na mlango wenye ukinzani mkubwa, kama megaomu moja. Mlango wa kawaida wa mikisa mara nyingi ni kiloomu 10 hivi. Unainyonya besi kabla sauti haijafika popote. Dawa ni kiboksi cha DI: besi inaingia upande mmoja, upande mwingine inatoka kwa waya wa maikrofoni kwenda kwenye mikisa. Kile kinachohitaji umeme kitaupata kutoka kwenye mikisa yenyewe ukiwasha volti 48. Nilinunua cha Sh 60,000, na Jumapili ya kwanza mwalimu wa kwaya aliniuliza kama nimebadilisha gitaa. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua kiboksi hicho kabla ya kuwaza gitaa jingine.

Pia uzi wa E ulio wazi, yaani usiobanwa popote, unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya inchi 8 haiwezi kuisukuma noti hiyo vizuri, na ukilazimisha utaiunguza. Tukiwa na spika ndogo mimi napiga noti nyingi kuanzia freti ya tano kwenda juu kwenye nyuzi za E na A, sauti inafika bila kugombana na spika. Na tafadhali, kama ukumbi hauna waya wa ardhini, usishike nyuzi huku midomo iko kwenye maikrofoni kabla ya kupima. Nimepigwa shoti ya namna hiyo harusini, midomo ikafa ganzi mpaka keki inakatwa.

Hali ya hewa ya Dar haina huruma na besi. Masika unyevu unapanda na mbao inasogea, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka narudia lile jaribio la kubana uzi na kuzungusha chuma cha shingo robo mzunguko, si zaidi, halafu naiacha ilale usiku kabla ya kupima tena. Kinachokula nyuzi ni jasho na chumvi ya pwani. Seti mpya ni ghali, kwa hiyo nafanya walichonifundisha wakubwa: nazitoa, nazikunja duara, nazichemsha kwenye sufuria ya maji matupu dakika 10. Mara ya kwanza maji yaligeuka kahawia kama chai ya rangi, na juu yake kukaelea mafuta ya vidole vyangu ya mwaka mzima. Ukizikausha vizuri kwa kitambaa na kuziacha juani, ule mlio wa shaba unarudi kwa wiki kadhaa. Hazirudi kuwa mpya, lakini harusi mbili tatu zinapita. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Kuhusu kupiga nitasema machache. Miaka yangu ya mwanzo nilijaza kila nafasi kwa noti. Yule mzee aliniketisha na kunisikilizisha DDC Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978, akaniambia nihesabu mahali besi inaponyamaza. Niliona aibu. Besi ya dansi inasema neno, inaacha gitaa la rithim lijibu, inasema tena. Tangu siku hiyo najifunza wimbo kwa kukariri mapengo yake kwanza. Na mkono wa kushoto, kwenye freti za chini usilazimishe kidole kimoja kwa kila freti kama huna mkono mkubwa. Tumia cha shahada, cha kati na kile cha mwisho, cha pete kikisaidie hicho cha mwisho. Kifundo changu cha mkono kiliacha kuuma ndani ya mwezi.

Ile nyekundu niliiuza. Kijana wa kwaya jirani aliijia macho yameng'aa kama yangu siku ile ya Kariakoo. Nilimwonyesha shingo, nikamwambia juu ya freti ya 12 haitakaa sawa kamwe, lakini chini ya freti ya saba anaweza kujifunza nayo mwaka mzima. Nilimtajia Sh 120,000, akanipa 100,000, nikaongeza waya na mkanda. Mwenzangu mmoja alinilaumu, akasema ningenyamaza ningepata 250,000. Wapiga besi mjini hapa tunajuana. Kijana yule sasa hivi ndiye ananishikia zamu nikisafiri.

TRBX174 naipendekeza kwa anayeanza kwa dhati, na kwa mpigaji wa kanisani anayetaka kitu kimoja cha kudumu. Kama kwenu mnapiga nyimbo zinazoshuka mpaka B ya chini, noti ambayo uzi wa E haufiki, basi tafuta ya nyuzi tano tangu mwanzo, usinunue hii kwa sababu tu imeshuka bei. Na ukikuta moja ya mtumba, muuzaji akikuhimiza kwa sababu ya safari, kaa barazani usubiri umeme urudi.