Kompyuta ya mezani kwa stesheneri: tazama kizazi kwanza, halafu vipuri, chapa baadaye

Muuzaji akikwambia "hii ni i7", yaani jina la prosesa ya Intel, ule ubongo wa kompyuta, bado hajakwambia kitu. Core i7-3770 ilitoka mwaka 2012 na ina viini vinne (kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi). Core i5-8500 ya mwaka 2018 ina viini sita. Hata Core i3-8100, ile ambayo wengi wanaipita bila kuitazama, ina viini vinne. Kinachosema ukweli ni tarakimu zinazofuata kile kistari: ikianza na 3 ni kizazi cha tatu, ikianza na 8 ni cha nane, 10 ni cha kumi, 12 ni cha kumi na mbili.

Shemeji yangu alipofungua stesheneri alinunua "i7" kwa kuamini stika tu. Ilikuwa kizazi cha tatu. Ilichapa barua na kutoa CV vizuri, kisha tarehe 14 Oktoba 2025 muda wa Windows 10 kuhudumiwa ukafika mwisho, na Windows 11 haizipokei rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, ukiacha chache mno. Kwa mashine ya nyumbani ya kuangalia tamthilia ungeweza kuvumilia. Stesheneri ni jambo jingine. Pale watu wanachomeka flashi zilizopita kila mahali, halafu mteja anayefuata anaandika namba yake ya NIDA na nywila ya maombi ya mkopo wa chuo. Mashine isiyozibwa matundu ya usalama inawaweka hatarini watu waliokuamini, ndiyo maana kwangu kizazi cha nane ndiyo sakafu, kwa biashara ya aina hii sishuki hapo.

Kwa AMD, kampuni nyingine ya prosesa, kuna mtego mmoja. Ryzen 5 2400G inaonekana kama ya juzijuzi, lakini haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Ukitaka Ryzen, anzia namba za elfu tatu, mfano 3400G, utakuwa salama.

Sasa nipange ninavyoona mimi.

Nafasi ya kwanza nawapa mtumba wa ofisi: Dell OptiPlex 3060, 5060 au 7060; HP ProDesk 600 G4 au EliteDesk 800 G4; Lenovo ThinkCentre M720 au M920. Zote hizi ni za kizazi cha nane, baadhi ya Lenovo zikija na cha tisa. Zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi zinazonunua nyingi kwa mpigo, kwa hiyo zinafunguka kirahisi, na zikifa zinaacha vipuri vingi sokoni. Mashine moja mpya ya hadhi hiyo mara nyingi inakula pesa ya mitumba miwili.

Kati ya hizo tatu nachukua Dell. Ina Service Tag ya herufi na tarakimu saba. Ukiiingiza kwenye tovuti ya Dell inakuonyesha ilivyotoka kiwandani, nawe unalinganisha na maneno ya muuzaji papo hapo ukiwa dukani. Ikigoma kuwaka, taa ya kitufe inapepesa kwa mpangilio ambao fundi anausoma kujua kama ni RAM (kumbukumbu ya muda) au mazabodi (ubao mkuu). Ukibonyeza F12 wakati inawaka unapata menyu yenye kipimo chake chenyewe cha vipuri. HP iko nyuma yake kidogo sana. Lenovo ni imara vilevile, ila huku mikoani vipuri vyake nimevihangaikia zaidi, na stesheneri iliyofungwa siku tatu katika msimu wa maombi ya mikopo imepoteza zaidi ya bei ya kipuri.

Ukubwa wa boksi nao ufikirie. Vile vidogo vinavyokaa nyuma ya monita hutumia chaja ya nje kama ya laptopu, na chaja ikiungua unabadilisha chaja tu. Prosesa zake nyingi zina herufi T mwishoni, zimepangiwa wati 35 badala ya 65, jambo ambalo LUKU yako italihisi. Boksi la wastani lina nafasi zaidi ya kuongeza diski, lakini pawa saplai yake ina umbo na plagi za kampuni yenyewe; ile ya kawaida ya dukani haiingii. Muulize fundi wako kama anaipata kabla hujalipa.

Nafasi ya pili ni mpya yenye Core i3-12100 au zaidi, kwa mwenye uwezo. Hapa unanunua waranti, kwa hiyo isome: ni ya kiwanda au ya duka? Inahudumiwa mji gani? Dai risiti ya EFD, maana bila risiti waranti ni maneno.

Ya tatu, mini (kompyuta ndogo) mpya zenye prosesa ya Intel N100. Zinakula umeme kidogo mno, zinatosha Word, fomu za mtandaoni na kuskani. Kuhariri picha za pasipoti kutwa nzima zinachoka.

Ya nne ni ya kuunganishwa na fundi. Vipuri vyake ni vya kawaida na hilo ni jema, ila ubora wote umeshikwa na uaminifu wa mtu mmoja.

Mwisho kabisa naweka zile zenye monita na mashine kwa pamoja. Kioo kikipasuka, kazi yote imesimama.

Popote utakapoangukia, chukua SSD (diski ya kasi) ya GB 256 na RAM ya GB 8 kwenda juu, 16 kama unatumia Photoshop. Kwa mtumba, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) mbele ya muuzaji, kwa kubonyeza inapowaka: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikidai nywila asiyoijua, iache hapo hapo. Tazama pia matundu ya nyuma, nyingi zina DisplayPort na monita yako huenda ina HDMI au VGA tu. Wi-Fi nayo nyingi hazina, kwa hiyo weka akiba ya kale kadude ka USB.

Bajeti ya UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, usiiguse. Iwe ya kompyuta na monita peke yake. Printa ya leza na mashine ya fotokopi zichomeke ukutani, kwa sababu zinapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo itazidiwa mteja akiwa katikati ya kutuma fomu.