Akademi ya mpira njia ya Dar: kocha nampa zote, safari zao hapana

Nilijiapiza nikimaliza mwaka pale naandika, na mwaka umeisha mwezi uliopita, kwahiyo leo naandika. Jina la akademi naliacha, watoto wa watu bado wanacheza pale na kocha mwenyewe sina ugomvi naye hata kidogo. Nazungumzia huduma.

Mimi ni mama wa mtoto wa kiume, alianza na miaka 11 sasa ana 12, yuko darasa la sita, tunakaa Nkuhungu, hapa Dodoma. Uwanja wao uko njia ya Dar huko mbele, unapanda gari Nkuhungu mpaka Sabasaba, unashuka unatafuta lingine. Tulifikaje huko? Shemeji yangu anafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, akawaona watoto wanafanya mazoezi, akaja nyumbani kasema jamani pelekeni huyu mtoto asije akaozea kwenye chandimu. Basi tukapeleka.

Nianze na kocha maana anastahili. Shuleni kwao dogo walikuwa watoto arobaini mpira mmoja, mwalimu wa michezo kakaa chini ya mwarobaini, anayeupata mpira ndio kaupata. Pale siku ya kwanza nimekuta watoto 18 mipira 16, na miwili iliyopungua ilikuwa imetobolewa na mbigili juzi yake. Wenye viwanja vya Dodoma mnajua, mbigili haina huruma na mpira wala unyayo. Kabla ya mazoezi wanapanga mstari wote wanatembea uwanja mzima wanaokota mbigili wanatia kwenye ndoo, na kocha naye kainama anaokota. Hapo tu akawa kashanipata.

Mwanangu alikuwa anapiga mpira kwa pua ya kiatu, na mguu wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu. Wiki ya kwanza kocha hakumwambia kitu, anamwangalia. Wiki ya pili akamwambia leo mguu wa kulia umelazwa hospitali, cheza bila yeye. Saa nzima! Dogo kakosea mpaka machozi, kocha anacheka naye anamrudishia mpira taratibu kwa mkono, tena, tena, tena. Baada ya miezi mitatu namuona anatuliza mpira kwa kushoto kama anapokea yai. Na matusi sijasikia pale, na nyie mnajua midomo ya makocha wetu wa mitaani ilivyo.

Sasa umbali. Wazazi wengi wakiulizia akademi wanauliza mnasafiri mpaka wapi, Moro mnaenda, Dar mnaenda. Hamna anayeuliza habari ya Jumanne. Mimi pia sikuuliza. Mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, yanaanza saa kumi na nusu. Dogo anatoka shule anabadilisha nguo anakimbia, saa nyingine hata hajala, konda akiona mtoto na begi anajifanya gari imejaa maana nauli ya mwanafunzi haimpendezi. Kwenda ni afadhali. Kurudi ndio kazi, mazoezi yanaisha saa kumi na mbili, na saa hizo wafanyakazi wa Mtumba nao wanarudi mjini, gari zinakuja zimeshajaa huko huko zinakotoka, mtoto anasimama mlangoni amejishikiza kwenye mkono wa mtu asiyemjua mpaka Sabasaba. Nyumbani anaingia saa mbili usiku, kuna siku saa mbili na nusu.

Kuna Alhamisi moja nimemwekea ugali na maharage, nimegeuka kuchukua maji, nageuka tena namkuta kalala kakaa, tonge liko mkononi halijafika mdomoni. Daftari la hesabu liko pembeni, maswali kumi, kafanya mawili. Nikamtoa lile tonge mkononi nikamfuta nikambeba, na mtoto mwenyewe sasa hivi mzito, miguu inaburuta. Baba yake akasema hii shule inakufa hapa tunaangalia. Nikamjibu kwa hasira kwamba yeye ndiye aliyenunua njumu. Tukanuniana siku mbili, kwa ajili ya mpira wa mtoto.

Hizo safari za mbali ni mara nne kwa mwaka labda. Jumanne inakuja kila wiki.

Haya, Singida. Mwezi wa sita akademi ikaalikwa bonanza la U13, yaani watoto wa chini ya miaka 13, kwenye grupu la wazazi ikawekwa mchango elfu 35 kwa mtoto, mzazi anayeenda naye elfu 35 hiyo hiyo. Nililipa wawili kwa sababu sikutaka aende peke yake, na mdogo wake nikamuacha kwa jirani. Tumeambiwa tukutane saa kumi alfajiri, na mwezi wa sita Dodoma ule upepo mnaujua, watoto wamejifunga mashuka ya kitandani. Kosta ikaja saa kumi na moja na robo. Ya siti 28. Nimehesabu vichwa, 41. Watoto wawili wawili kwenye siti moja, wengine kwenye vigoda katikati, ndoo ya mipira iko mapajani mwa mama mmoja. Nikamuuliza aliyekuwa anasimamia safari (sio kocha, kocha hana habari na hela) mbona hivi, akasema mama hawa ni watoto hawana uzito. Hawana uzito! Nilipaswa kushuka na mwanangu pale pale, sikushuka, hilo najilaumu mwenyewe.

Dodoma mpaka Singida ni kama kilomita 240. Tumepita Bahi, Kintinku, kile kipandio cha kwenda Manyoni gari inalia kwa mzigo, watoto watatu wametapika. Tumefika mechi ya kwanza inaanza, hamna kupasha misuli wala nini, mkate na soda wakiwa wamesimama, uwanjani. Wakapigwa nne.

Siku hiyo walicheza mechi tatu, kila moja dakika ishirini ishirini, jumla dakika 120. Nilikuwa nawasha saa ya simu kila mwanangu anapoingia na kuizima akitoka. Dakika 14. Nyingine zote benchi, anahesabu miti. Simlaumu kocha kumuweka benchi, kuna watoto wanaomzidi na ninaona kwa macho yangu. Lakini kama mlijua mtabeba watoto 22 kwa mechi tatu si mngebeba 14 wakacheza wote? Jibu ninalo, watoto 22 ni michango 22.

Kurudi tumetoka saa mbili usiku. Dereva ni yule yule wa alfajiri, sijui kama alilala mchana. Tulivyofika Manyoni naona kichwa kinadondoka, nikahamia kigoda cha mbele nikawa nampigisha stori mpaka mjini, nimemuuliza mpaka majina ya watoto wake, mzee wa watu naye ananijibu kwa adabu tu. Saa saba usiku ndio tumeshuka. Kitu pekee kizuri cha ile safari ni kuku wa kienyeji niliyenunua Singida, huyo namkumbuka mpaka leo, nyama inavutika hasa.

Jumapili baba yake kachukua kalamu. Kwenda na kurudi kilomita 480, kagawa kwa dakika 14. Akanionyesha kwenye kikaratasi hasemi kitu: kila dakika aliyocheza tuliisafiria kilomita 34. Nilicheka, halafu sikucheka.

Niwe mkweli, safari ya Moro ilikuwa nzuri. Baada ya kelele za Singida wazazi tulisema hatupandi Kosta tena, tunaenda na SGR, treni ya umeme, na mipango tunashika sisi. Tangu ile treni ianze kufika Dodoma mwaka 2024 Moro imekuwa jirani kabisa. Tulichukua watoto 13 tu. Watoto mpaka miaka 12 wanalipa nusu nauli, hapo kuna mzazi alitaka kijana wake wa 13 aitwe wa 12 kwenye tiketi, nikamwambia dada, kwenye treni unapunguza, na kwenye kadi ya mchezaji je? Maana huo ndio ugonjwa wetu, Singida kuna timu ililetwa eti U13 beki wao ana ndevu. Cheti cha kuzaliwa kiombwe kila bonanza, kwa timu zote, bila aibu.

Basi watoto wamekaa kila mtu na siti yake, kwenye mahandaki ya Kilosa giza likiingia wanapiga kelele zote kwa pamoja, mwanga ukirudi wanacheka, ya pili yake tena. Wameshuka wana nguvu zao. Dogo alicheza dakika 50 na zaidi, wakatoa sare mbili wakafungwa moja, jioni tukarudi, alikula, akaoga, akalala kitandani kwake kama mtoto. Matokeo hayakuwa makubwa ila mtoto alicheza.

Halafu ikaja Dar. Siku tatu, kulala mbili. Treni ya kawaida ilikuwa 31,000 mtu mzima na 15,500 mtoto, sisi wawili kwenda na kurudi ni 93,000 kabla hujala wala hujalala, weka na mchango wa akademi, na Ijumaa mtoto haendi shule. Nikauliza kwenye grupu huko kuna timu gani ambazo hapa Dodoma hazipo za umri huu, kimya. Yule msimamizi wa safari akanifuata pembeni, mama usimzibie mtoto, kuna mawakala watakuwepo, hujui Samatta, yule mshambuliaji aliyefika Ulaya, alitokea wapi? Najua. Alitokea Mbagala, Dar, na timu aliyoanza nayo ni ya huko huko Mbagala, ile iliyokuja kuitwa African Lyon. Hakupakiwa kwenye kigoda mtu. Na hao mawakala wa Ulaya, sheria za FIFA hazimruhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nje hivi hivi, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Sasa wakala anamtafuta nini wa miaka 12? Hatukwenda.

Mwisho wa mwaka tukamtoa. Dogo alilia, nisidanganye. Sasa hivi anacheza na timu ya hapa mtaani, uwanja wa shule ya msingi, dakika kumi kwa miguu, saa kumi na mbili na nusu yuko nyumbani na madaftari. Kocha wa hapa ana moyo ila hamfikii yule, anapenda sana kukimbiza watoto kuzunguka uwanja kama jeshi. Tulichofanya, Jumamosi mbili kwa mwezi anaenda kwa kocha wa zamani, analipa kwa siku, safari hawekwi. Jumamosi magari hayabani vile. Hii njia nilidhani watakataa, kocha kakubali mara moja.

Kwahiyo nyota zangu: kocha tano, na kama kungekuwa na sita angepata. Uwanja tatu, mbigili siwahesabii, hiyo ni Dodoma. Ada elfu 40 kwa mwezi ni halali kwa kazi ile. Safari moja, na hiyo moja ni ya treni ambayo tulipanga wenyewe. Ukikaa Ihumwa, Nzuguni au hata Ilazo mpeleke mtoto kesho, usisite. Ukikaa upande wetu huu wa Nkuhungu, Kizota mpaka Nala, kabla hujalipa kapande hizo gari mbili mwenyewe, Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, na begi.

Juzi yule msimamizi kapiga simu, kuna bonanza Manyoni, karibu tu mama, kilomita 120 na kidogo. Nikamuuliza mnabeba watoto wangapi na gari ya siti ngapi. Akasema ngoja aulize atanipigia. Naisubiri.