Kamera za utambuzi wa sura Mwanza: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Fundi wa kamera akija kupima fensi Buswelu au Nyegezi siku hizi, hakawii kuuliza kama unataka zinazotambua sura. Kabla ya kumjibu, amua sura ikishatambuliwa itafanya kazi gani. Kuwafungulia mlango watu walioandikishwa, teknolojia hii inaweza. Kumsaka mwizi kati ya wapita njia ni kazi nyingine kabisa, na hapo ndipo asiye na hatia anapoumia. Tumepanga machaguo kwa kufuata tofauti hiyo, kuanzia linalowafaa watu wengi.

1. Kamera inayotambua mtu bila kujua ni nani

Kwa nyumba au fremu ya duka hii inatosha. Chukua ya megapikseli 4 inayotofautisha mtu, gari na mnyama yenyewe, bila kutuma picha nje. Mtu akivuka usiku mstari uliouchora kwenye picha ya kamera, simu inalia. Huna orodha ya sura za watu ya kutunza, wala ya kuibiwa.

Hesabu diski mapema. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne zinakula 86.4, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 inajaa baada ya siku 11 hivi, kisha inaanza kufuta za zamani. Ukitaka wiki tatu, nunua ya terabaiti 2.

Kando ya ziwa, kinachoharibu picha kwanza ni wadudu. Taa ikiwa ndani ya kamera, vijidudu vya ziwani hujaa mbele ya lenzi, buibui anawafuata na kutandaza utando, na usiku utando huo unang'aa mweupe mpaka mtu aliyesimama getini haonekani. Zima taa ya kamera, funga taa ya nje mita 1 hadi 1.5 pembeni, na pitisha kitambaa laini kila wiki.

Radi nayo haina mchezo ukanda huu. Kwenye milima ya mawe kama Isamilo au Bugando, fundi atakwambia nondo ya ethi, ile inayopeleka umeme wa radi ardhini, haiingii. Asiikate na kufukia kipande. Atafute udongo chini ya mteremko, au alaze waya wa shaba kwenye mtaro, kisha apime ukinzani wake. Ohmu zikizidi 10, arudie.

2. Kifaa cha sura cha mlangoni, kinachotunza sura ndani yake

Hiki kinafaa ofisi, nyumba za wapangaji wengi na maghala ya samaki, ambako vidole vilivyolowa na kuchubuka husumbua mashine za alama za vidole. Kifunge urefu wa mita 1.4 hadi 1.5 kutoka sakafuni, chini ya kivuli. Mlango unaotazama ziwa upande wa magharibi hupigwa na jua la jioni moja kwa moja, na mtu akiwa na jua mgongoni kifaa kinaona kivuli tu.

Kipime dukani kabla hujalipa. Andikisha sura yako, kisha mwambie mwenzako ashike picha yako kwenye simu mbele ya kifaa, halafu iliyochapishwa kwa ukubwa wa uso. Kikifungua hata mara moja, kirudishe kwenye boksi. Angalia pia kiwango cha kufanana kilichowekwa, yaani sura ifanane kiasi gani na iliyoandikishwa ndipo mlango ufunguke. Mafundi wengi hukishusha ili kifaa kimtambue mwenye nyumba haraka na mteja afurahi. Wiki ya pili kinamfungulia na binamu yake. Na kama kuna Kulwa na Doto wanaofanana, usitegemee sura peke yake: wape kila mmoja kadi au namba ya siri ya kuambatana nayo.

Kadi iwepo kwa kila asiyetaka sura yake ichukuliwe. Mpangaji hawezi kufungiwa nje ya nyumba anayoilipia kodi kwa sababu amekataa kupigwa picha, na dada wa kazi asiambiwe achague kati ya sura yake na ajira.

Kuhusu kufuli: ya sumaku huachia mlango ikikosa umeme, na hilo ndilo jambo unalotaka moto ukiwaka. Ikila ampea 0.5 na kifaa ampea 1, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 itaushikilia mlango kama saa 4 baada ya umeme kukatika, zikizidi bahati. Weka mlango wa chuma wenye kufuli ya kawaida kwa usiku.

3. Kamera ya sura yenye mashine ya kurekodi ndani ya jengo

Inafaa hoteli au kiwanda chenye orodha ya wafanyakazi walioridhia. Wengi hupoteza hela hapa kwa sababu kamera inafungwa juu mno. Ikiwa mita 3.5 ukutani na mtu yuko umbali wa mita 3, inamtazama kwa pembe ya nyuzi zaidi ya 30, yaani inaona kofia na paji la uso. Ishushe hadi mita 2.4, pembe inabaki nyuzi 15.

Halafu pikseli, vile vidoto vinavyounda picha. Uso una upana wa sentimita 16 hivi, na ukitaka upate pikseli 80 unahitaji pikseli 500 kwa kila mita. Kamera ya megapikseli 4 ina pikseli 2,560 kwa upana, kwa hiyo inafunika mita 5 tu. Geti moja, kamera moja. Anayekuahidi kutambua sura za uwanja mzima kwa kamera moja hajapiga hesabu hiyo.

4. Kengele ya mlangoni inayotuma sura kwenye seva za nje

Ni rahisi kufunga, lakini sura za wageni wako zinakaa usikokujua, na bando likiisha utambuzi unakufa. Ukiinunua, zima kipengele cha sura.

Usinunue: orodha ya "wezi" ya kulinganisha na kila anayepita

Chukua duka linalopitiwa na watu 500 kwa siku, lenye orodha ya sura 20. Huo ni ulinganisho 10,000. Programu inayokosea mara moja katika 10,000 itamtaja mtu mmoja asiyehusika kila siku. Na makosa hayagawanywi sawa. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu 189 na kuona kwamba nyingi huwachanganya zaidi watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia ya Mashariki. Desemba 2023 mamlaka za biashara za nchi hiyo zililizuia kundi la maduka ya dawa la Rite Aid kutumia utambuzi wa sura kwa miaka 5, baada ya wateja kushukiwa kimakosa. Huku kwetu mlinzi akipiga kelele "mwizi!" kwa sababu simu imelia, umati hausubiri maelezo. Mtu anaweza kufa kwa kosa la kamera yako.

Kabla ya kulipa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometriki kwenye kundi nyeti. Biashara inayozikusanya ijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kila anayeandikishwa aridhie kwa maandishi. Bandika tangazo getini kwa Kiswahili: nani anarekodi, kwa nini, kwa siku ngapi, namba ya kupiga.

Siku fundi anamaliza kazi, badilisha nywila ya kiwandani mbele yake na uondoe akaunti yake. Kisha mwombe afute sura moja ya majaribio, na uhakikishe imeondoka kwenye kifaa, kwenye programu ya simu na kwenye nakala ya akiba. Mpangaji akihama, au mfanyakazi akiacha kazi, utairudia hatua hiyo siku anapokabidhi funguo.